Ukikatiza, Unatafuna

Semina za maelewano ya dini zimenichosha. Mimi nawapeleka wabishi kwa mama anayeuza kahawa za kutafuna pale Kamachumu. Ukimkatiza mwenzako, anakutia punje mdomoni kwa vidole vyake vyeusi, na kwa Wahaya kahawa ya mwenyeji haitemwi. "Waitu, tafuna," yaani mpendwa, tafuna. Hapandishi sauti hata siku moja. Juzi walifika Ustadhi Twaibu na Katekista Ildefons. Watoto wao wanaoana Jumamosi, na wazee hawa walikuwa tayari kuivunja harusi kwa kubishania nani atangulie kuombea chakula. Wakakatizana, wakalishwa kahawa, mashavu yakavimba kama ya panya buku. Ildefons akiwa bado anatafuna, Twaibu akapata nafasi ya kumaliza sentensi nzima: "Naogopa msikitini watasema nimemuuza binti yangu."

Katekista akameza kwa nguvu. "Kumbe! Hata mimi parokiani wanasema nimemuuza kijana. Basi omba wewe kwanza, ustadhi."

"Sikubali. Wewe kwanza!"

"Nimeshasema wewe!"

"Usinilazimishe, bwana!"

Wakaanza kukatizana upya, mate yanaruka. Mama akafunika kikapu chake, akawaacha wagombane.