Shaba Iliyong'aa Ziwani Pweto

Enzi zetu, likizo kubwa ilianza siku mama alipokunja sketi zetu za buluu za shule na kuzifungia kabatini. Kesho yake tulipanda lori la chumvi na sabuni, yaya Mado, dada yangu mkubwa, na mimi juu ya magunia, tukimenya karanga za kuchemsha na kutupa maganda barabarani. Vumbi la Julai lilitupaka mpaka kope. Tulifika Pweto kwa bibi tukiwa wekundu kama matofali, na bibi alitumwagia maji ya baridi kabla hajatusalimia. Watoto wa leo wakiambiwa waende kwa bibi, huuliza kwanza kama kuna mtandao. Sisi tuliuliza kama mtumbwi umezibwa matundu.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Lubumbashi, mtu aliyenuka grisi hata Jumapili kwenye misa. Ziwani alivua kwa namna yake mwenyewe, iliyowachekesha wajomba zetu. Alifunga uzito kwenye kamba nene na kuushusha chini ya mtumbwi. Juu kidogo ya uzito alibana uzi wa ndoana kwa kibanio cha nguo. Mjomba alipiga kasia polepole, na ndoana ikafuata nyuma, chini kabisa, wanakopita manda, wale samaki wenye meno kama msumeno. Manda akivuta, kibanio kinaachia, uzi unabaki huru mkononi mwa papa. Mama alilalamika kila likizo kwamba nguo zake zinapeperuka kwa sababu vibanio vimekwenda kuvua.

Kazi yote ilitegemea uzito. Ukiwa mwepesi, mwendo wa mtumbwi huuburuta nyuma na ndoana hupanda juu, kwenye vidagaa. Ukiwa mzito mno, hunasa kwenye mawe. Papa alikuwa na mfuko wa turubai uliojaa nati za reli zilizoota kutu, kipande cha chuma cha reli, na kifundo cha shaba, mukuba kama tunavyoiita kwetu, cheusi kwa uzee. Kila asubuhi aliufungua mfuko ule ufukweni na kusema maneno mawili tu.

"Mado, chagula."

Hakuwahi kutaja jina langu. Yaya alitia vidole majini, akatazama mawimbi, akapima nati mbili viganjani kama mama sokoni anayepima nyanya, kisha akasema, "Hii, papa." Na manda walikuja. Jioni, kichwa cha samaki wa kwanza kilikuwa cha aliyechagua uzito. Ndivyo papa alivyokuwa ameamua. Mado alikinyonya kichwa kile taratibu, mchuzi ukimtiririka mpaka kiwiko, nami nikamega bukari, ugali wetu, kwa mkia, nikisema sina njaa. Nilivionea wivu viganja vyake. Alipougua malaria, nilimwonea wivu hata homa, kwa kuwa papa aliketi kitandani pake usiku kucha.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja niliamua kwamba mwaka huo kichwa kitakuwa changu. Sisi watoto wa mji wa shaba tulijua jambo moja: kitu kizuri hung'aa. Nilikiiba kifundo kile mfukoni, nikajificha nyuma ya jiko la bibi na kukisugua kwa majivu na limau, kama mama alivyosugua vinara vya parokia, mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Nikakirudisha juu ya nati zote. Nilitaka papa akione, aulize ni nani, nami nijibu.

Asubuhi papa alifungua mfuko na kusema, "Mado, chagula."

Yaya aliona shaba inang'aa. Akatazama vidole vyangu, majivu yakiwa bado kwenye kucha. Akakiinua kifundo.

"Hii, papa."

Papa alikunja uso, lakini neno la Mado halikupingwa. Hatukufika mbali. Kamba ilishtuka mara moja, ikalegea. Papa alipoivuta, ilikuwa imekatwa kama kwa wembe. Manda hakuitazama ndoana. Alikuwa ameifuata shaba inayometameta. Kifundo na kibanio vilikuwa vimezama.

"Ni nani alisukula ile mukuba?"

Nilifungua mdomo. Mado akanitangulia.

"Ni miye, papa."

Papa alimkazia macho, kisha akaanza kucheka hadi mtumbwi ukayumba. "Mado! Ulitaka kumuvalisha manda pete ya ndoa?" Mjomba aliliachia kasia kwa kicheko. Yaya aliniokoa na fimbo, nami badala ya kumshukuru niliungua moyo: hata kosa langu lilipendeza likiwa lake.

Siku hizi mtoto wa Mado, pale mtaa wa Golf mjini, huagiza uzito kwa simu: tufe jeusi lililoandikwa namba, na mashine ya kulishusha kwa kubonyeza. Juzi aliniuliza achague lipi. Kabla sijajibu, simu ilikuwa imemjibu. Papa amezeeka. Amesahau majina ya majirani na wakati mwingine ya wajukuu, lakini pete ya manda hajaisahau. Jumapili iliyopita mezani aliisimulia tena, akafuta machozi ya kicheko, mkono wake begani mwa yaya. Mado alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama kusema: sema sasa.

"Papa," nikasema, "ile mukuba ni miye nilisukula."

Alinigeukia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Hapana, mama. Weye ulikuwa mudogo. Ilikuwa Mado."

Akaendelea kucheka. Enzi zile tulificha makosa yetu tusichapwe. Leo nimelitoa langu hadharani, nikaliomba kwa mikono miwili, nikanyimwa.