Sala ya Mvua ya Eleuterio Cauich

Shemeji yangu Eleuterio Cauich alifundishwa sala ya mvua na marehemu baba yake kwa miaka saba, wakitembea shambani, mpaka akaweza kuita kwa jina kila upepo na kila kisima cha mwituni. Sala nzima ilichukua asubuhi mbili.

Meli za watalii zilipoanza kutia nanga Mahahual, bandari ya pwani yetu, mimi nilipata kazi ya kuendesha basi la kuwapeleka abiria kwenye magofu ya wazee wetu. Huko walipiga picha ngazi za mawe, wakanunua kofia, kisha wakamtazama Eleuterio akisali. Kampuni ya ziara iliyomwajiri ilimvika manyoya ya tausi.

"Shemeji, umekuwa jogoo wa harusi!" nikamtania.

"Cheka tu. Jogoo huyu ndiye anayemlisha dada yako."

Shida ilikuwa muda, maana meli haimsubiri mtu. Nikamwambia afupishe. Akifika kisima cha nne napiga honi, anainua mikono, wanampigia makofi, tunaondoka. Tulifanya hivyo miaka kumi na moja. Miaka hiyo mvua ilikuwa njema, kijijini hakuna aliyemwita kusali. Kusema kweli nilijiona mjanja.

Mwaka huu Julai ilipita bila tone. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, majani yakaanza kujikunja. Wanaume tukakutana, nikapendekeza Eleuterio asali, na Don Saturnino Ek, mzee wetu wa kijiji, akagoma.

"Huyo? Si ameshaiuza sala kwa watu wa meli?"

"Basi sali wewe," nikamjibu. "Unaijua?"

Hakuijua. Hakuna aliyeijua ila Eleuterio.

Tukajenga madhabahu ya miti, tukaoka mikate ya mahindi shimoni, tukafunga watoto wanne kwenye miguu ya madhabahu ili walie kama vyura wanaoita mvua, ndiyo desturi. Eleuterio alikuja na shati jeupe, akapiga magoti. Sauti yake ilinisisimua. Akaita upepo wa mashariki. Akaita kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Akainua mikono, akanyamaza.

Watoto waliendelea kulia kama vyura. Eleuterio akarudi mwanzo, akasali kwa kasi, akakwama palepale. Mara ya tatu vilevile. Jasho likamtoka. Akanigeukia mimi, niliyeisikia sala yake kuliko mtu yeyote.

"Shemeji," akanong'ona, "baada ya hapo ni nini?"

Sikujua. Mimi pia niliisikia mpaka hapo tu.

Don Saturnino hakumtukana, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alivua kofia akaanzisha Baba Yetu, tukaitikia. Mikate tuliila bila hamu.

Kufikia Septemba mahindi yote yalikuwa makapi. Eleuterio alizunguka vijiji vya jirani akiulizia, lakini wazee waliosali na baba yake wamekwisha kufa. Nikikutana naye namwangalia miguu, kwa aibu.

Siku zisizo na meli yeye huenda mwituni kuvitafuta visima vyenyewe. Anasema pengine akiviona majina yatamrudia. Ameshavipata sita. Jumapili nilimfuata, nikamkuta kwenye ukingo wa kimoja, ameinama, anayatazama maji, na hajui akiiteje.