Chang'aa ya Babu Mkwe

Hii habari nimeificha miaka mingi, si kwa sababu ni dhambi kubwa, ni kwa sababu ni aibu, na aibu, jamani, ni mbaya kuliko dhambi, maana dhambi unatubu inaisha, lakini aibu kila ukikutana na mtu aliyekuwepo anaanza kucheka kabla hata hajakusalimia. Sasa kwa kuwa wengi waliokuwepo wamezeeka na meno ya kuchekea yamepungua, acha niwaambie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, mimi kijana wa kupima majani chai pale kituoni kwetu, nina baiskeli, nina koti, nina kila kitu isipokuwa mke. Yaani msichana nilikuwa nimeshampata, Kemunto, wa kwaya, sauti ya kwanza (akiimba hata mchungaji alisahau ukurasa), lakini kwetu Kisii kupata msichana na kupata mke ni vitu viwili tofauti. Lazima wazee wa kwao waje kwenu, waangalie ng'ombe, wakae, wakubaliane, na walikuwa waje Jumapili. Baba yake, Mzee Josia, alikuwa mzee wa kanisa letu la Wasabato, mtu mkali ambaye majani chai aliyachuma na kuyauza lakini kuyanywa hataki. Shida ni kwamba huyo Josia naye alikuwa na baba yake, Mzee Mogaka, ambaye hakuwa wa kanisa lolote, na neno la mwisho lilikuwa lake. Na Mzee Mogaka alikuwa ametuma ujumbe kimyakimya kwa baba yangu mdogo Ombati, kwamba yeye macho yake hayaoni ng'ombe vizuri akiwa na kiu.

Kiu ya chang'aa, si ya maji.

"Basi nenda wewe ukamtafutie," baba mdogo akaniambia. "Tutamnywesha huku nyumbani kwangu, Josia akiwa kule zizini anahesabu pembe."

"Mimi? Mimi sijawahi hata kuonja!"

"Ndiyo maana. Nikienda mimi, mzigo hautafika."

Hapo alisema kweli, maana mara ya mwisho kutumwa alirudi na chupa tupu na viatu vya mtu mwingine. Basi tukakaa tukachagua. Msidhani ni jambo dogo, siku zile kando ya mito yetu wapishi wa chang'aa walikuwa wengi (ile kazi inataka maji baridi ya karibu), na baba mdogo aliwajua wote kama mchungaji anavyojua waumini wake. Huyu anatia sukari nguru mpaka inalewesha kabla ya kumezwa. Yule anapikia kwenye pipa lililokuwa la mafuta ya taa. Wa kule Nyamache ni mzuri lakini njiani kuna askari wa chifu. Mwisho tukabaki na nyumba tatu: mzee mmoja chini ya Keumbu, Nyanchera wa kule kilimani, na mjane mmoja aliyeitwa Mama Nyaboke, kando ya mto. Akanifundisha kukagua bila kuonja: tikisa chupa uangalie mapovu yanakaa au yanakimbia, mwaga kidogo motoni uone kama mwali ni wa buluu, na zaidi ya yote angalia wateja waliolala nje, kama wanapumua.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo, ule ulioniponza. Nikajiambia, nitaenda lini bila kuonekana na watu wa kanisa? Nikajijibu, kwa akili zangu zote, nitaenda Jumamosi, Sabato yenyewe, wakati wote wako kanisani! Niliona nimevumbua kitu. Asubuhi nikamwambia mama tumbo linaniuma, yeye akaenda kanisani na salamu zangu, mimi nikapakia kikapu chenye chupa tupu nikaweka ndizi juu, nikapanda baiskeli.

Kwa yule mzee wa Keumbu sikukaa, wateja watatu walikuwa wamelala kwenye majani na mmoja sikuridhika na kupumua kwake. Kwa Nyanchera nikaona mambo mazuri, mwali wa buluu safi, mapovu yametulia, nikanusa kama mtaalamu nikatingisha kichwa (nilichokuwa nanusa sikijui, lakini nilitingisha), nikamwambia nitarudi. Ningenunua hapo hapo, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini nilikuwa nimeshaanza kujisikia mkaguzi, nikataka nimalize zote.

Mama Nyaboke alikuwa peke yake, nyumba imefagiwa, nyungu juu ya mafiga, maungio yamezibwa kwa udongo laini, na juu yake sufuria ya maji baridi ya kupoza mvuke. Akanimwagia kidogo motoni, jamani, ule mwali! Nikasema hapa ndipo. Nikalipa, akaanza kujaza chupa zangu na kuzipanga kwenye kikapu, na kwa vile nilikuwa na furaha, na yeye maji ya kule juu yalishaanza kupata moto, nikamwambia, "Omong'ina, mama yangu, wewe kaa, mimi nitakubadilishia." Nikavua koti, nikafungua vifungo vya shati na kukunja mikono yake, nikajaza beseni maji ya mtoni, nikasimama juu ya ile nyungu kama mtu aliyezaliwa na kazi hiyo.

Ndipo nikasikia wimbo. Unakuja kwa njia ya migombani, sauti nne zimepangwa vizuri, na ya kwanza ninaijua.

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho hata mtoto wa Msabato hasahau: mchana wa Sabato, baada ya ibada, kanisa hutoka kutembelea wagonjwa na waliopotea. Na mgonjwa siku hiyo nilikuwa nani? Mimi! Walikuwa wameanzia kwetu kuniombea, mama akaenda kuniamsha akakuta kitanda kitupu, akawaambia labda nimetoka kutafuta dawa. Basi wakaomba mbele ya kitanda changu kitupu, wakaendelea na waliopotea, na wa kwanza wao alikuwa Mama Nyaboke.

Kukimbia sikuweza, mlango ulikuwa mmoja. Mzee Josia akainama akaingia, Biblia kwapani, nyuma yake akina mama wa kwaya, na kati yao Kemunto. Na mjue kwetu heshima kati ya mtu na baba mkwe si mchezo, hata kula mbele yake unaona haya, sasa mimi niko kifua wazi nusu, mbele ya nyungu ya chang'aa, na beseni mikononi.

"Wewe," akasema. "Si unaumwa?"

"Nilipona njiani, mzee."

"Na hapa unafanya nini?"

"Nimetangulia. Nimekuja kumhubiria huyu mama."

"Na hayo maji?"

Nikayaangalia yale maji. Kemunto naye akayaangalia.

"Nazima moto," nikasema, na nikayamwaga yote jikoni, pwaa! Nyumba ikajaa mvuke na majivu, watu wakakohoa, na Mama Nyaboke akabaki mdomo wazi. Nikamwangalia kwa macho ya kumsihi, mama wee, usiniumbue. Alikuwa ameshika chupa yangu ya mwisho. Akaisukuma kikapuni, chini ya ndizi.

"Basi endelea kuhubiri," Mzee Josia akasema, akavuta kigoda, akakaa.

Nikahubiri. Sikuwahi kuhubiri maishani, lakini woga ni mwalimu. Nikasema habari za wanaume wanaoacha mishahara hapa, na watoto wanaolala bila kula, na mama anayepika moshi mpaka macho yanakuwa mekundu kwa ajili ya watu ambao wakiugua hawatamletea hata kikombe cha uji, na moshi ukaniingia machoni, machozi yakanitoka mengi, akina mama wa kwaya wakadhani ni Roho, wakaanza kulia nao. Nikamaliza kwa kusema, "Mama, acha kazi hii." Nilikuwa nataka tu kumaliza.

Mama Nyaboke akasimama. Akasema polepole, "Miaka yote hii, kila anayeingia kwa mlango huo ananiomba nimjazie. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba niache." Akainua ile nyungu akaimwaga nje. Akachukua kikapu changu (changu!), akatoa zile chupa moja moja, akazimimina kwenye shina la mgomba, kwaya ikiimba, na mimi ikabidi niimbe pia. Besi.

Jioni, Sabato ilipoisha, nikapanda kilima mbio kwenda kwa Nyanchera. Kabla sijashuka kwenye baiskeli nikasikia, "Mhubiri huyo! Fungeni!" na mlango ukabamizwa, na nikasikia maji yakimwagwa motoni ndani. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na sioni aibu kuwaambia kwamba nilipofika kwenye daraja nilikaa nikalia, safari hii bila moshi, maana nilijua nimempoteza Kemunto.

Jumapili wakaja. Baba mdogo alikuwa na uji wa wimbi tu, akaniangalia vile mtu anavyoangalia mbwa aliyekula nyama ya wageni. Kabla ya kwenda zizini Mzee Josia akasimama, akasema ana neno moja juu ya kijana huyu, kwamba jana kwa machozi yake mwenyewe amemfanya Mama Nyaboke amwage chang'aa yote. Wenzake wakasema amina.

Mzee Mogaka hakusema amina. "Ni wewe," akaniuliza, "uliyemwagisha ya Nyaboke?"

"Ni mimi, mzee."

Akachukua fimbo yake. "Twendeni nyumbani," akawaambia watoto wake. Na akaanza kuondoka kweli, mguu mmoja ulishapita kizingiti, na mimi sikufikiri, nilipayuka tu: "Mzee, nilikwenda kukununulia wewe! Nilizunguka nyumba tatu nikitafuta iliyo nzuri!"

Mzee Josia akakaa chini. Nikasema moyoni, nimekwisha, nimewakosa wote wawili.

Mzee Mogaka akageuka. "Nyumba zipi?"

Nikamtajia. Nilipomtaja yule wa Keumbu, akatema mate. "Na ya Nyanchera uliionaje?"

"Nzuri sana, mzee. Mwali wa buluu, mapovu yametulia."

"Yaya, hapana," ikasema sauti. "Ya Nyanchera ina moshi. Hukwaruza koo."

Ilikuwa ni Mzee Josia. Alikuwa amefumba macho, nadhani maneno yalimtoka bila yeye kujua, na alipofumbua macho akakuta sote tunamwangalia. Mzee Mogaka alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Josia mwanangu! Kumbe bado unaikumbuka!" na Josia akarekebisha tai yake mara mbili, akasema hayo ni mambo ya kabla hajabatizwa, ya zamani sana, halafu akasimama ghafla. "Twendeni tukaone ng'ombe."

Ng'ombe hawajawahi kukubaliwa haraka vile. Hakuna aliyeuliza kwa nini mmoja ana pembe iliyovunjika.

Kemunto nimekaa naye mpaka leo, na ninamshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Mama Nyaboke alibatizwa, akaanza kuuza ndizi Keumbu, akawa mtu wa kukaa benchi la mbele. Mwaka mmoja nikajikaza nikamuuliza kwa nini alimwaga, ilhali alijua wazi nimekuja kununua.

Akanishika mkono. "Maneno yalikuwa ya kweli, mwanangu. Mwongo ulikuwa wewe."

Sijawahi kuhubiri tena, na nimeapa sitahubiri.