Kona ya Kushukia

Kati ya Machakos na nyumbani kwa baba yangu kule Kathiani kuna mlima mmoja ambao nimeununulia vitu vingi kuliko nilivyowahi kumnunulia mke wangu. Aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe, na nilipotaka kumpinga nilikosa ushahidi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Mumbuni, na nilianza mambo ya baiskeli nikiwa na miaka arobaini na sita, baada ya daktari kuniambia nichague kati ya mazoezi na dawa. Baiskeli ya kwanza niliinunua mjini kwa mtu anayeuza za mitumba. Ilikuwa ya milimani, ya kijani, yenye gia ishirini na moja, na kati ya hizo tano zilikubali kufanya kazi. Jumamosi ileile nikaenda nayo kumwonyesha baba.

Baba alitulea kwa baiskeli. Alikuwa na ile nyeusi ya chuma ambayo watu huiita blakmamba, na kwa miaka mingi aliitumia kuteremsha maembe na maparachichi hadi sokoni Machakos, akarudi na unga, mafuta ya taa, na mara moja, mbuzi. Kazi hiyo ndiyo iliyomaliza magoti yake. Aliizunguka baiskeli yangu mara mbili, mikono mgongoni, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Kwa kawaida baba huongea nami Kikamba. Kiswahili anakiweka kwa ajili ya mashtaka.

"Hii keria yake iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia haina keria, baiskeli za aina hii hazifungiwi mzigo nyuma.

"Sasa itabeba nini?"

"Itanibeba mimi, baba."

"Na hii mlima, imekubeba mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa imenibeba hadi kona ya mawe, chini kidogo ya nyumbani, pale barabara inapoinuka ghafla. Kutoka hapo nilikuwa nimeikokota. Baba alicheka mpaka akatafuta kiti. Yeye mwenyewe alishukia kona hiyohiyo maisha yake yote, lakini yeye alikuwa na magunia.

Kicheko kile kiliniuma. Ningependa kusema nilikichukulia kama utani wa mzee, lakini nilirudi Mumbuni nikiwa na hasira ya mtoto aliyenyimwa maksi zake. Nikaamua kwamba siku moja nitafika langoni kwa baba bila mguu wangu kugusa ardhi, naye ataniona, na atakubali kwamba hii nayo ni baiskeli.

Nilianza na tairi. Kisha breki, ambazo hazihusiani na kupanda mlima, lakini muuzaji alizisifu sana. Kisha nikabadilisha pedali, kiti, usukani, na springi za mbele. Kila Jumamosi nilifika kwa baba nikitokwa jasho, naye hakuuliza hali ya watoto wala ya shule.

"Leo umeshukia wapi?"

"Kwa kona."

"Kona iko sawa?"

"Iko sawa, baba."

Mwaka wa pili niligundua kwamba tatizo ni fremu, ilikuwa nzito. Nikapata nyingine nyepesi, ya kijivu, na nikahamishia vifaa vyangu vyote humo. Mke wangu aliikuta barazani akauliza kama hiyo ni baiskeli mpya. Nikamwambia ni ileile, nimebadilisha fremu tu. Akaingia ndani kupika.

Kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hakiuzwi dukani. Kwetu mtu hamsalimii mkubwa wake akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unaiegemeza nyongani, unatoa mkono, unaulizwa habari za mvua, unajibu, ndipo unapanda tena. Jumamosi asubuhi wazee wote wa njia ile huwa barabarani. Kuna siku nilishuka mara nne kabla sijatoka Mumbuni. Kwenye kikundi chetu cha waendesha baiskeli tulijadili jambo hili kwa uzito, tukapitisha kwamba kushuka kwa heshima hakuhesabiwi, mradi si mlimani. Mlimani, kushuka ni kushuka.

Mwaka jana nikanunua gia kubwa ya nyuma, ya meno hamsini na moja. Ni pana kama sahani ya wageni. Nayo hukanyagi kwa nguvu. Unazungusha miguu tu, polepole kuliko mtu anayetembea, lakini unapanda. Niliinunua kwa ajili ya kona ile na si kwa jambo lingine lolote. Nikampigia baba simu Ijumaa nikamwambia kesho sishuki. Akasema amesikia.

Jumamosi hiyo nilifika kwenye kona nikiwa bado na pumzi. Nikaweka gia kubwa, nikainamisha kichwa, nikatazama tairi la mbele na mchanga. Nilikuwa nikihesabu mizunguko ya miguu. Katikati ya kona niliona pembeni fimbo, na ndala za tairi, na jagi la plastiki lililofunikwa kwa sahani. Ni mzee, nikajiambia. Sheria niliijua. Lakini ningeshuka hapo, nisingeweza kuanza tena kwenye mwinuko ule, na miaka mitatu ingekuwa imepotea bure. Nikasema, "Habari mzee," bila kuinua kichwa, nikaendelea kuzungusha.

Nilifika langoni nikiwa juu. Mguu haukugusa ardhi. Nikapiga kelele, nikazunguka uwanja mara mbili kuwatawanya kuku. Mama akatoka jikoni akifuta mikono.

"Baba yako ako wapi?" akaniuliza.

"Si ako hapa?"

"Alienda kukungoja kwa kona. Alitoka mapema sababu ya magoti. Alikubebea maji."

Niliiacha baiskeli imelala chini, cheni juu ya vumbi, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nilishuka kwa miguu, mbio, na viatu vyangu vya baiskeli viliteleza kila hatua. Niliona aibu ambayo sijui niiseme vipi. Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe, jagi katikati ya miguu, sahani bado juu yake.

"Leo umeshukia wapi?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Sikushuka, baba."

"Nimeona," akasema.

Akanimiminia maji kwenye ile sahani, kwa sababu kikombe hakukileta. Niliomba msamaha, akasema maji yatapata joto, kunywa. Kisha akanishika bega, akasema kwa Kikamba twende, tukapanda. Ilituchukua karibu nusu saa. Alisimama mara tatu, na kila aliposimama alinionyesha mahali alipokuwa akiegemeza magunia yake enzi zile. Sikuwahi kujua kwamba naye alikuwa akipumzika.

Tangu siku hiyo nashuka kwenye kona. Kwa miezi kadhaa nilimkuta pale na jagi lake, nikatoa mkono, tukapanda pamoja nikikokota. Siku hizi magoti hayamfikishi tena, ananingoja langoni. Bado nashuka palepale, kando ya jiwe, hata kama hakuna mtu.

Wenzangu wa kikundi wameona. Wananiuliza kwa nini mtu mwenye gia ya meno hamsini na moja anatembea kwenye kona ile. Nawaambia gia inanisumbua. Wamenishauri ninunue nyingine.