Tenga la Kwenda Mwezini

Bosi wangu wa kwanza alikuwa dalali wa kabichi. Nasema alikuwa, lakini dalali haachi udalali, anabadilisha bidhaa tu. Soko huria lilipopanda mpaka kwetu Lushoto na kila mwenye chumba akafungua kitu, yeye akafungua kituo cha kompyuta nyuma ya duka la mbolea. Kompyuta zenyewe zilikuwa zimechoka huko Ulaya, zikaletwa kwetu zimalizie uzee wake. Akatundika pazia la kijani mlangoni, akanunua tai. Kuzima kompyuta bila kuchomoa waya ukutani, hakujua.

Mimi alinichukua kwa majaribio, nifagie na kuchapa barua za watu, mtoto mgongoni. Kidato cha nne, ndoa na uzazi vilikuwa vimenipitia mfululizo kama mabehewa. Mume wangu alikuwa Dar akitafuta maisha, na mpaka leo sijui hayo maisha yalikuwa yamejificha wapi. Aliniacha kwa mama yake, bondeni njia ya Soni. Huko sufuria zangu za harusi zilikaa ndani ya boksi karibu na mlango, kwa sababu mama mkwe hakutaka zikae rafu moja na zake.

"Ya mjini yakikushinda," aliniambia siku ninaanza kazi, "jiko liko palepale, mwanangu."

Alisema kwa upole. Ule upole ndio ulionipandisha mlima kila asubuhi.

Basi akaja mwalimu wa fizikia wa shule ya wasichana, na sidii za kompyuta alizotumiwa na ndugu yake wa ng'ambo. Ya kwanza ilikuwa na programu ya kuendesha chombo cha angani. Unakaa mbele ya kioo, unaiona ardhi inabaki chini, unaizunguka dunia, na ukiwa na akili unafika mwezini. Lakini peke yake ilikuja na chombo kimoja, na mwezi laini kama yai. Vizuri vyote vilikuwa kwenye sidii nyingine, ya nyongeza: vyombo vya kila aina, na mwezi wenye mashimo na milima yake.

"Jumamosi naleta kidato cha tatu," mwalimu alisema. "Nikiona hizi nyongeza zinafanya kazi, nitawaleta kila wiki."

Alipotoka, bosi akanigeukia. "Umesikia, mama? Zikiruka, hicho kiti ni chako, ajira ya kudumu. Zisiporuka, rudi kwa mama mkwe ukachochee kuni."

Kuweka programu yenyewe hakukuwa kazi. Unabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bibi harusi. Nyongeza ndizo zilizonitesa. Zilikuja kila moja imefungwa kama furushi, na furushi hufunguliwa mahali. Wapi?

"Kila mzigo folda yake," bosi akaagiza, kasimama nyuma yangu ananukia kitunguu. "Andika jina juu. Usichanganye mizigo ya watu."

Niligeuka nikamtazama, nione kama atacheka. Hakucheka.

Mimi nimezaliwa kijiji cha Kwai. Kwetu mboga zikipakiwa kwenye lori, kila nyumba hufunga kipande cha kanga yake kwenye tenga lake, ili huko sokoni kila mtu ajulikane na chake. Mama alichana kanga yake ya njano. Na Kwai nzima ilimjua huyu bosi wangu kuwa ndiye anayefungua vile vipande njiani, mlima ukiwa bado haujaisha. Karoti zilitoka kwetu zikiwa zetu, zikafika sokoni zikiwa zake. Mtu aliyechanganya mizigo ya watu tangu ana ndevu tatu, siku aliyopata kompyuta akapata na uaminifu!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nilimtii, tena kwa moyo. Mikono yangu ilikulia kwenye kanuni hiyohiyo. Nikatengeneza folda safi, zimepangana kama matenga, kila nyongeza ndani ya yake, jina juu. Ungeona ungesifu. Nikafungua programu. Chombo kilekile kimoja, mwezi uleule kama yai.

Nikafuta, nikarudia. Yai.

Bosi akaanza utabibu wake. Kwanza akasema ni baridi, mashine za Ulaya hazijazoea ukungu wa Lushoto. Ulaya kuna jua gani, sijui. Halafu akasema umeme wa siku hizi mwembamba. Akaitoa sidii akaipuliza kwa mdomo, mashavu yamevimba, kama anayefufua moto wa mkaa. Mwisho akampata mchawi.

"Ni huyu mtoto wako. Mashine hizi hazitaki kelele."

"Mtoto amelala, bosi."

"Basi ni pumzi."

Ijumaa alipokwenda kuswali, nilikaa na ile kompyuta kwa utulivu. Nikaacha kubonyeza nikaanza kutazama. Ndani ya folda kubwa ya programu mlikuwa na folda ndogo: ya picha, ya maumbo, ya safari. Nikafungua nyongeza ya kwanza. Folda ya picha, ya maumbo, ya safari. Ya pili, vilevile. Majina yaleyale, herufi kwa herufi. Zile nyongeza hazikuwa mizigo ya mtu mwingine. Zilikuwa vyombo vya jikoni, kila kimoja kinajua rafu yake, nami nimeviacha ndani ya boksi karibu na mlango. Na sufuria iliyo ndani ya boksi haipiki. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu.

Kwanza nikainakili folda nzima pembeni, nikiharibu niwe na pa kurudia. Kisha nikachukua furushi la kwanza na kulimwaga ndani ya folda kubwa. Kompyuta ikaniuliza: faili lenye jina hili lipo, uweke jipya mahali pake? Mkono ukasita. Kumwaga vya mmoja juu ya vya mwingine, kwetu, ni wizi. Nikabonyeza ndiyo. Nikamwaga la pili, nikamwaga yote.

Nikafungua programu. Vyombo vimejipanga kwenye orodha kama abiria, na mwezi una ndui uso mzima. Sijawahi kuona uso mzuri kama ule.

Jumamosi mwalimu alikuja na wasichana wake, sweta za kijani, wanasukumana kuona. Chombo kikapaa. Ardhi ikabaki chini, wakapiga kelele, na kompyuta haikudhurika na kelele.

"Shikamoo mwalimu," nilimwamkia aliponigeukia.

"Marahaba. Kazi nzuri! Nani kaziweka hizi nyongeza?"

"Mimi," bosi akajibu, anaweka tai sawa. "Huyu mama hupangusa vumbi."

Nikakaa kwenye benchi, nikampakata mwanangu, nikamnyonyesha.

Mwalimu akatoa sidii nyingine mfukoni. "Afadhali. Hapa kuna kituo cha angani, ndugu yangu kakiongeza juzi. Hebu kiweke, wasichana waone inavyofanyika."

Bosi akaketi. Alitengeneza folda, kwa kidole kimoja, akaandika jina juu. Akafungua furushi ndani yake, safi kabisa. Akawasha programu. Kituo hakikuwapo. Akaitoa sidii, akaipuliza. Msichana mmoja akaangua kicheko ndani ya sweta yake.

"Mama," bosi akaniita. "Njoo mara moja."

"Nanyonyesha."

"Si mara moja tu?"

"Mtoto hanyonyi mara moja tu, bosi. Na mimi hupangusa vumbi."

Mwalimu akanitazama, akamtazama yeye. Akavua miwani, akaifuta polepole.

"Kiti ni cha nani?" nikauliza, bila kunyanyuka.

Alitafuna maneno kama mtu aliyeuma kokwa. "Ni chako," akasema, kwa Kisambaa, ili liishie kwetu wawili.

"Kwa Kiswahili. Mwalimu ni mgeni, hajasikia."

"Kiti ni cha huyu mama," akasema. "Ndiye aliyeziweka. Ndiye mfanyakazi wangu."

Nikampa msichana mmoja mtoto ampakate, nikamwondoa bosi kitini, nikakimwaga kituo cha angani mahali pake. Wasichana wakakiona kinapita juu ya dunia kimya kimya. Mimi nilikuwa namtazama bosi akitafuta pa kuweka mikono.

Jumapili nikachana kipande cha kanga. Jumatatu akakikuta kimefungwa mgongoni mwa kiti, mafundo mawili.

"Hiki nini tena?"

"Alama."

"Alama ya nini? Hapa si sokoni."

"Vuta kiti uketi, ukitaka," nikamwambia. "Lakini ukikifungua, nitajua. Kwetu Kwai tunaijua mikono yako."

Hakuvuta. Alikwenda kusimama mlangoni, karibu na pazia lake, na huko ndiko alikoshinda kutwa.