Alama ya Kuzaliwa Iliyofutwa na Seva

Shangazi yangu alirekebisha picha za watu kwa miaka ishirini na nane, kwanza kwa brashi nyembamba na wino, baadaye kwa kompyuta, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Sifa hiyo niliivunja mimi, tena kwa asubuhi moja. Naandika habari zake kwa sababu kuzisema kwa mdomo kumenishinda.

Studio alikoajiriwa ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati: mbele kaunta, nyuma meza yake. Kabla hajagusa picha alimuuliza mteja, "Usoni kuna nini ambacho ni chake?" Jibu aliliandika kwa penseli nyuma ya bahasha: kovu la paji, pengo, kengeza. Vingine vyote, vumbi, ukungu, mikwaruzo, alivitoa kimoja kimoja. Picha moja ingeweza kumla nusu siku. Mimi ni fundi kompyuta, na pale niliingizwa na yeye mwenyewe baada ya kukaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Lakini nilikuwa namcheka. "Shangazi, unasafisha picha au unachambua mchele?"

Basi nikajipiga kifua mbele ya mwenye studio: kompyuta ileile ya mezani kwa Shangazi nitaigeuza seva ya picha, ifanye kazi yote yenyewe. Nikaweka programu, nikaiamuru mashine isilale hata isipoguswa, nikairuhusu ipokee picha kutoka kompyuta ya kaunta, nikapanga ijiwashe kila umeme unaporudi. Programu ilitaka folda mbili, moja ya picha zinazoingia na nyingine ya zinazotoka. Kwa uvivu wangu nikaipa folda moja kwa kazi zote mbili, kisha nikachagua "ondoa madoa".

"Umeweka nakala za zile za mwanzo?" Shangazi akauliza.

"Zipo," nikamjibu bila kumtazama. Hazikuwepo.

Nikabonyeza. Picha mia tatu na kumi na mbili zikasafishwa kabla chai yangu haijapoa, na kila moja ikakaa juu ya ile ya mwanzo na kuifuta. Mwenye studio akanipiga mgongoni. Nikajiona mtu kweli kweli.

Mojawapo ilikuwa ya marehemu mama yake mshonaji mmoja, picha pekee aliyoiacha. Karatasi yake ilikuwa imegandamana na kioo cha fremu. Shangazi alikuwa ameiskani kwanza ndani ya kompyuta, kisha akaibandua, ikatoka vipande vipande kama alivyokuwa ameonya. Kwa hiyo uso wa yule mama ulibaki ndani ya folda yangu tu.

Mshonaji alikuja kesho yake. Akaishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akairudisha karibu.

"Alama yake iko wapi? Mama alikuwa na alama nyeusi ya kuzaliwa, hapa chini ya jicho. Binti yangu wa mwisho anayo ileile, na shuleni wanamcheka. Nilitaka aione kwa bibi yake."

Seva ilidhani ile alama ni vumbi. Kilichotakiwa kwangu ni maneno mawili tu, "Ni mimi," lakini mwenye studio alikuwa amesimama palepale. Nikainama chini ya meza na kuanza kukaza waya ambao haukuwa na shida yoyote.

Shangazi alinitazama mara moja.

"Nisamehe, mdogo wangu," akamwambia mshonaji. "Mashine iliitoa vizuri. Mimi ndiye niliyeipitia tena, nikaivuruga. Uzee huu."

Akachukua bahasha, akasoma alichokiandika, akamketisha mshonaji kando yake. Kwa saa mbili aliirudisha ile alama, nukta kwa nukta. "Hapa?" "Shuka kidogo." "Ukubwa huu?" "Ilikuwa na kijimkia, upande wa sikio." Nilikaa nyuma yao nimeelekea ukutani. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Mwishowe mshonaji akaziba mdomo kwa kiganja, akalia na kucheka papo hapo. "Sasa huyu ndiye."

Mwenye studio akakohoa. "Shangazi, kuanzia kesho kaa kaunta, upumzishe macho. Picha zote zipite kwa kijana na seva yake."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Mshonaji, alipokuwa akitoka, akanishika bega.

"Msaidie shangazi yako, baba. Amechoka. Mashine yako haitetemeki mkono."

"Nitamsaidia, mama," nikasema, na sauti wala haikukwama. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa ameshatoa vitu vyake mezani, ananipangusia kiti.