Taa ya Nyuma ya Hudson

Kwa miaka mitatu Verlin Stoddart, mchomeleaji mstaafu wa Toledo, aliisaka taa ya nyuma ya gari lake aina ya Hudson la mwaka 1951. Zamani taa hizo zilijaa kila gulio la vipuri. Sasa hata kwenye minada ya mtandaoni zimekuwa adimu kama maziwa ya kuku. Leo imejitokeza moja. Zimebaki sekunde ishirini, na kuna mtu anazidi kumpandishia bei.

"Achia, mwehu wewe!" aliifokea kompyuta, jasho likimtoka. Akabonyeza tena. Sekunde zikaisha. Ameshinda!

"Zuzu gani aliiuza dhahabu hii?" akacheka.

Mkewe Darlene akaikuza picha. Ndani ya taa zilikwaruzwa herufi V.S., alama aliyokuwa akiiweka Verlin kwenye kila kipuri alichopeleka kuuza gulioni.

"Mume wangu," akasema, "zuzu mwenyewe ndiye huyo aliyekalia kiti chako."